Kurasa Mbili za Mwisho

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni, wakati wa likizo ya Juni)



Mwenyekiti aliponiandikia nije kusema maneno machache, aliniachia nichague mada mwenyewe. Nadhani alitumaini kwamba mtumishi wa serikali atazungumzia maendeleo ya taifa, au nafasi ya msomi katika jamii. Mada hizo ni nzuri na nitawaachia wanaozimudu. Mimi nimechagua kurasa mbili za mwisho za gazeti letu, zile zenye vichwa "Mambo ya Likizo" na "Habari za Walimu na Wafanyakazi".

Nimezichagua kwa sababu kurasa hizo zimo hatarini. Katika barua ya Kamati ya Uhariri tuliyopelekewa mwezi Machi imependekezwa kwamba ziondolewe, ili nafasi yake ipewe picha za wageni wa heshima na salamu za wafadhili. Sababu zilizotolewa ni tatu. Ya kwanza, habari hizo siku hizi huenea kwa simu siku ileile. Ya pili, hakuna anayezisoma. Ya tatu, karatasi ni ghali. Pendekezo hilo litapigiwa kura mchana huu, baada ya chakula. Mimi nasimama kulipinga, na naomba uvumilivu wenu nieleze kwa nini.

Kwanza tuzisome kurasa zenyewe, maana si haki kumhukumu mtu ambaye hajasikilizwa. Toleo la mwaka huu linatuambia haya. Katika likizo hii ya Juni vijana wetu wanne walichaguliwa kuingia timu ya wilaya katika michezo ya UMISSETA, wawili mpira wa miguu, mmoja mpira wa wavu na mmoja mbio za mita 800. Kidato cha Nne walibaki shuleni wiki tatu kwa kambi ya masomo. Mabati ya maabara ya kemia yaliyong'olewa na upepo mwezi Aprili yamerudishwa. Kwaya ya shule iliimba parokiani Jumapili mbili. Kwa upande wa walimu, mwalimu wa hisabati aliyekaa nasi miaka tisa amehamishwa. Mwalimu wa biolojia amekwenda masomoni. Wamekuja walimu wapya wawili, mmoja wa fizikia na mmoja wa Kiswahili. Matroni amestaafu. Mlinzi wetu wa lango la chini amefariki dunia, na wanafunzi thelathini walikwenda kumzika.

Ni hayo tu. Ukisoma haraka utasema ni habari ndogo, na kwa mtu wa mbali ni kweli. Lakini nimewatazama nilipomtaja mlinzi wa lango la chini. Wazee waliokaa safu ya mbele wameinamisha vichwa. Wapo hapa ambao wamepata habari za msiba huo kutoka kinywani mwangu, ingawa tunaambiwa kwamba habari zote zimekwisha kuenea kwa simu.

Ndugu zangu, desturi hii ya shule ya kanisa kuandika mambo yake madogo hatukuibuni sisi, wala si desturi ya jana. Niliposoma historia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilijifunza habari za gazeti lililoitwa Msimulizi. Lilianza kutolewa Unguja mwaka 1888, nalo ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya lugha ya Kiswahili. Halikutolewa na serikali, maana gazeti la serikali ya Tanganyika la Kiswahili, Mambo Leo, lilikuja mwaka 1923, miaka 35 baadaye. Wala halikutolewa na mfanyabiashara. Msimulizi lilitoka katika chuo kidogo cha kanisa, Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, kusini ya mji wa Unguja.

Tuangalie chuo hicho kilikuwa cha akina nani. Misheni ya UMCA, iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, ilifika Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao walikabidhiwa kwa misheni na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Baada yao walikuja wengine wengi waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Wavulana walisomeshwa Kiungani, na wasichana walisomeshwa Mbweni.

Sasa fikirini neno likizo lilikuwa na maana gani kwa kijana wa Kiungani. Ninyi mkifunga shule mnapanda basi, na jioni mama anakutilieni chakula. Kijana wa Kiungani alikuwa ametekwa akiwa mtoto mdogo, akapitishwa mikononi mwa watu wanne au watano, akavushwa bahari. Mwaka 1887 mwalimu mmoja wa misheni ile, A. C. Madan, alitoa kitabu chenye simulizi za vijana hao, jinsi walivyoeleza wenyewe walikotoka na yaliyowapata njiani. Wengi wa namna hiyo hawakuwa na kwao pa kurudi, au palikuwapo lakini njia hawakuijua. Chuo kikawa ndiko nyumbani, na mwalimu akawa ndiye mzazi.

Kisha vijana hao walikua, wakatumwa kazini. Mwaka 1876 Edward Steere, aliyekuwa askofu wao, aliongoza kundi la watu walioachwa huru hadi Masasi, wakajenga kijiji. Wengine walikwenda Magila, wengine Newala, wengine wakafika Likoma katika Ziwa Nyasa. Cecil Majaliwa, aliyeuzwa utumwani utotoni na kusomeshwa na misheni hiyo, alifanya kazi Chitangali, upande wa kusini, na mwaka 1890 akawa padri Mwafrika wa kwanza wa misheni yake. Mtu wa Chitangali angejuaje kama mwalimu wake wa Kiungani yu hai? Angejuaje kama mwenzake aliyelala kitanda cha jirani sasa yuko Magila, ameoa, na amepata mtoto?

Angejua kwa gazeti. Kazi kubwa ya Msimulizi ilikuwa kukusanya habari za vituo hivyo vilivyotawanyika na kuzirudisha kwa wote: nani amewasili, nani ameondoka, nani anaumwa, nani amefariki, nani amefunga ndoa, shule ya mahali fulani ina watoto wangapi, na wachezaji wamecheza vipi. Yaani, ndugu zangu, mambo ya likizo na habari za walimu. Sisi tunaziweka mwisho wa gazeti na leo tunataka kuzifuta. Wao walianzisha gazeti kwa ajili yake.

Na msidhani kwamba kwao habari za walimu zilikuwa za kupitisha wakati. Homa iliua sana siku zile. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882. Askofu aliyemfuata, Charles Smythies, alifariki mwaka 1894 akiwa melini, akisafirishwa kurudi kwao kwa ugonjwa. Mwaka 1895 Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi na Likoma kwa miaka mingi na ambaye alikuwa amewekwa kuwa askofu mwaka uleule, alizama katika Ziwa Nyasa chombo chake kilipopigwa na dhoruba. Kwa mtu aliyelelewa na walimu hao, mstari mmoja uliosema fulani amerudi salama ulikuwa na uzito wa barua ya baba.

Lakini habari za walimu si habari za vifo peke yake, maana ziko pia habari za waliokaa. Caroline Thackeray alifika Unguja mwaka 1877 kufundisha wasichana wa Mbweni. Aliiongoza shule ile mpaka 1902. Alipoacha kazi hakurudi Uingereza. Alibaki palepale mpaka alipofariki mwaka 1926. Hapo una tarehe tatu: alikuja 1877, akaacha kazi 1902, akafariki 1926. Weka tarehe hizo tatu kwa mpango, na mtu asiyejua lolote juu ya Mbweni atakwisha kufahamu kwamba mama huyu alitoa miaka 49. Hahitaji sifa nyingine.

Chuo cha Kiungani chenyewe kilihamia bara katika miaka ya 1920, kikawa Minaki, karibu na Kisarawe. Na hapo jirani, huko Pugu, kulikuwa na chuo kingine cha kanisa, Chuo cha Mtakatifu Fransisko cha Wakatoliki. Nataka kuwapa mfano mmoja wa Pugu ambao kila mwanafunzi hapa anaujua, ila pengine hajautazama kwa upande huu. Mwaka 1952 mwalimu mmoja kijana alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, akaajiriwa kufundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akawa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi, alitakiwa kuamua ama ualimu ama siasa. Akaacha kazi.

Kwa mtunza kumbukumbu wa shule, hilo lilikuwa jambo la mstari mmoja: mwalimu Julius Nyerere ameacha kazi. Lingeweza kuwekwa kati ya habari za mwalimu anayekwenda likizo kwao na habari za kupakwa chokaa mabweni. Siku ile nani angejua mstari upi utakuwa historia ya nchi? Hakuna. Ndiyo maana mwandishi wa habari za shule hana ruhusa ya kuchagua kwamba huyu ni mkubwa aandikwe na yule ni mdogo aachwe. Huandika wote, na miaka ndiyo itakayochagua.

Ndugu Mwenyekiti, naona mzee mmoja pale anatabasamu. Bila shaka anasema moyoni, huyu kijana anatupeleka Unguja na Pugu, na gazeti letu linatolewa hapa na nakala zake hazizidi 400. Sawa. Sasa nirudi hapa nyumbani.

Kama wengi mnavyojua, kazi yangu ni ya kumbukumbu. Ni kazi ya masijala na majalada, vumbi na namba. Watu wakisikia huona kwamba ni kazi ya mtu aliyekosa nyingine. Lakini wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona kwa macho yangu kwamba si mali peke yake inayopotea. Haki ya mtu nayo hupotea.

Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1995 hadi 1998 tunamkumbuka sana mpishi wetu mkuu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yu hai na si mtu wa kupenda kutajwa. Tulimwita Baba Bwalo. Alikuwa na mwiko mrefu kuliko kijana wa Kidato cha Kwanza. Katika likizo, wenzetu waliotoka mbali ambao hawakuwa na nauli walibaki shuleni, na yeye ndiye aliyebaki nao. Wenzetu hao waliniambia kwamba wakati wa likizo ugali ulikuwa mlaini zaidi na maharage yalikuwa na nazi. Mimi kwetu ni karibu, kwa hiyo habari za nazi nilizipata kwa masikio tu.

Mzee huyu alistaafu mwaka 2016 alipotimiza miaka 60. Alipokwenda kufuatilia mafao yake aliambiwa kwamba jalada lake linaonyesha ameanza kazi Septemba 1984. Yeye alisema ameanza Juni 1981. Akaulizwa barua ya kuajiriwa iko wapi. Barua ilikuwa imeliwa na mchwa pamoja na sanduku. Nakala ya ofisini haikuonekana. Barua ya zamani kuliko zote katika jalada lake ilikuwa ya kuthibitishwa kazini, ya Septemba 1984, na karani aliyefungua jalada jipya wakati wowote ule aliichukulia hiyo kuwa ndiyo ya mwanzo. Miaka mitatu na miezi mitatu ya jasho la mtu ikawa haipo. Mzee alikwenda na kurudi zaidi ya mwaka, kwa nauli yake. Kila dirisha alilofika aliambiwa maneno ambayo kwa kweli ni ya haki: mzee, tunakuamini, lakini lete ushahidi.

Alipofika kwangu hakunijia kama ofisa. Alinijia kama mtoto wake aliyemlisha. Nikamwuliza, Baba, unakumbuka nini juu ya siku ile ya kwanza? Akasema, nakumbuka niliwapikia vijana waliokuwa wanajenga bwalo, shule ilikuwa imefungwa. Basi. Nikamwandikia mwenzangu mmoja, mwanachama wa chama hiki wa miaka ya nyuma, ambaye ana tabia ya kutotupa kitu. Baada ya wiki mbili akaniletea gazeti la shule la mwaka 1981, lile la stensili, wino wake umefifia na pini zimeshika kutu.

Ukurasa wa mwisho, chini ya "Mambo ya Likizo", palikuwa na maelezo kwamba katika likizo ya Juni wanafunzi 22 walibaki kufyatua matofali ya bwalo jipya, hili tulilokaa sasa. Chini yake, katika "Habari za Walimu na Wafanyakazi", palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba mpishi mpya ameajiriwa kuanzia mwezi huo, jina lake kamili na jina la baba yake, na kijiji alichotoka.

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Gazeti lile peke yake halikumlipa mzee. Gazeti la shule si hati ya serikali. Lakini lilitupa kitu ambacho hatukuwa nacho: mwezi na mwaka wa kutafuta. Kabla ya hapo tulikuwa tunatafuta sindano ghalani. Sasa tuliomba kitu kimoja tu, karatasi za malipo ya mishahara za Julai 1981. Zilipatikana ndani ya boksi lililoandikwa mambo mengine kabisa. Jina lilikuwamo, miongoni mwa wafanyakazi walioajiriwa na si miongoni mwa vibarua, na mbele ya jina palikuwa na sahihi ya mzee, herufi kubwa zilizopinda za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Tarehe yake ya kuanza kazi ikasahihishwa. Akapata haki yake yote.

Yule aliyeandika mstari ule mwaka 1981 alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Hakujua kwamba anamtetea mtu mbele ya dirisha la ofisi miaka 35 baadaye. Pengine alikuwa anajaza ukurasa tu, mhariri akimharakisha. Lakini aliandika jina kamili, mwezi na mwaka, na hiyo ilitosha.

Sasa nizijibu zile sababu tatu za Kamati, nami nazijibu kwa heshima, maana najua wamefanya kazi kubwa.

Kwamba habari huenea kwa simu. Ni kweli, huenea, na kisha hupotea. Sisi wa mwaka 1998 tuna kundi letu la simu. Ndani yake kuna pole na pongezi, vichekesho na matangazo ya viwanja vya kuuza, vyote pamoja. Mwanzilishi wa kundi letu alipoibiwa simu mwaka juzi alipoteza orodha yote ya waliokuwa wamechangia msiba mmoja. Simu ni nzuri kwa kuambiana leo. Lakini ni kijana gani atakayefungua simu yangu miaka 35 kutoka sasa? Karatasi ya stensili iliyoshikwa na kutu ilifunguka.

Kwamba hakuna anayezisoma. Mimi nasema hakuna anayezisoma zote. Kila mtu husoma mstari wake. Aliyefundishwa na mwalimu yule wa hisabati atasoma mstari wa uhamisho wake, na atajua amtafute wapi. Mtoto wa mlinzi atasoma mstari wa baba yake, na ataukata auweke katika Biblia au katika Kurani ya nyumbani kwao. Picha ya mgeni wa heshima ataitazama mgeni wa heshima.

Kwamba karatasi ni ghali. Hiyo ndiyo sababu yenye nguvu, na sitaijibu kwa maneno matupu. Sisi tuliomaliza mwaka 1998 tulikutana jana jioni. Tumekubaliana kulipia gharama za kurasa hizo mbili kwa miaka mitano ijayo. Mweka hazina wetu yuko hapa na mchango wa mwaka wa kwanza, na atamkabidhi Mwenyekiti kabla ya kura ili isisemwe kwamba tumeahidi tu.

Hata hivyo ninayo masharti, maana tusilipie uzembe. Ikiwa kurasa hizi zitabaki, ziandikwe inavyopasa. Toleo la mwaka huu limeandika kwamba "mwalimu mpendwa wa hisabati ametuacha". Amekwenda wapi? Lini? Jina lake la pili ni nani? Msomaji wa mbali anaweza kudhani amefariki. Naomba kila habari ya mtu iwe na mambo matano: jina lake kamili, kazi yake hapa, tarehe aliyoanza, tarehe aliyoondoka au kuhama, na mahali alikotoka au anakokwenda. Sifa zifuate baadaye, kama nafasi ipo.

Tena, wafanyakazi wasio walimu waandikwe kwa ukamilifu uleule. Walimu wana barua, vyeti na namba za wizara. Tangu Sheria ya Elimu ya 1969, ilipofanya shule kama hii yetu kutoka mikononi mwa misheni na kuwa ya serikali, kumbukumbu za walimu zimetunzwa mahali pengi. Mpishi, mlinzi, mtunza bustani na dereva ndio ambao kumbukumbu zao ni chache. Kwa hiyo tukiwa na mstari mmoja tu wa kubakiza, uwe wao.

Tena, nakala zihifadhiwe pengi. Moja maktaba ya shule, moja ofisini kwa Mkuu wa Shule, moja parokiani kwa padri, na moja tuipeleke Nyaraka za Taifa kila mwaka bila kungoja tuombwe. Nakala ile ya 1981 ilipatikana kwa bahati, katika nyumba ya mtu mmoja asiyetupa vitu, na mke wake, kama alivyoniambia, alikuwa ameshatishia mara tatu kuwashia moto.

Nanyi vijana, kazi hii ni yenu. Sisi wazee tunakuja hapa mara moja kwa mwaka, tunakula pilau, tunasema hotuba ndefu, tunaondoka. Mnaobaki likizo ni ninyi. Mnaomwona mwalimu mpya akishuka na godoro lake kwenye gari ni ninyi. Msingoje tukio kubwa ndipo mwandike. Chukueni daftari, mwandike nani amekuja, nani ameondoka, na wangapi walibaki likizo na kwa kazi gani. Vijana wa Kiungani walifanya hivyo wakiwa na umri kama wenu, katika kisiwa ambacho wengi wao waliletwa kwa nguvu, na kwa kufanya hivyo wakawa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa magazeti ya Kiswahili. Ninyi mna taa ya umeme na kalamu za kutosha. Hamna sababu.

Ndugu Mwenyekiti, naleta hoja rasmi mbele ya mkutano huu: kwamba kurasa za Mambo ya Likizo na Habari za Walimu na Wafanyakazi zibaki katika gazeti letu, kwamba ziandikwe kwa yale mambo matano niliyoyataja, na kwamba nakala zipelekwe mahali pale panne. Naomba mwenye kuniunga mkono asimame, na wenye kupinga nao wapewe nafasi yao ya kusema.



(Hoja iliungwa mkono na ikapitishwa mchana huohuo. Mhariri.)